Deni Lisilo na Mdai

Bonanza la kumkumbuka marehemu katika klabu ya mpira wa Kigaeli, huko mashambani Ayalandi, halina mbwembwe. Asubuhi baba na mwanawe wanapiga chokaa mistari ya uwanja, akina mama wawili watatu wako jikoni mwa klabu wakipaka mikate siagi, na kila mtu anamuuliza mwenzake nani aliondoka na pampu ya mipira. Timu za watoto, au za watu wazima wanaocheza saba kwa saba, zinaingia kutoka parokia za jirani. Jioni mwenyekiti anashika kipaza sauti kinachokoroma, anawashukuru waamuzi na wapishi, kisha anamwita mjane, kaka au binti wa marehemu aje akabidhi kombe. Nahodha wa washindi, ambaye mara nyingi hakuwa hata amezaliwa marehemu alipofariki, analipokea, anasema sentensi moja ya Kiayalandi aliyoikariri njiani, anawaongoza wenzake kuwapigia walioshindwa hure tatu, na watu wanarudi kwenye chai.

Kombe lenyewe linasomeka. Limesimama juu ya kitako cha mbao nyeusi kilichozungushiwa ngao ndogo ndogo za rangi ya fedha, kila ngao na mwaka wake na jina la timu. Makombe ya zamani yameongezewa kitako cha pili chini ya kile cha kwanza, kwa kuwa nafasi imejaa. Pengine mchongaji alikosea herufi na hakuna aliyehangaika kurekebisha. Panapostahili 2020 pana nafasi tupu, kwa sababu mwaka ule korona ilifunga viwanja. Jina la marehemu liko juu, mbele, kwa herufi kubwa, na kwa kuwa ndilo linalosuguliwa zaidi kila kombe linapong'arishwa, ndilo linaloanza kufutika.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kila upande una wachezaji 15, mpira ni wa duara, unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa ngumi au kwa teke, na nguzo za goli zinapanda juu kupita mwamba. Ukiingia wavuni ni pointi tatu; ukipita juu ya mwamba ni moja, na tangu 2025 ukipigwa kutoka mbali unaweza kuhesabiwa mbili. Chama kinachousimamia, ambacho Waayalandi wote hukiita GAA, kilizaliwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles. Wachezaji hawalipwi, hata wale wanaoujaza uwanja wa Croke Park jijini Dublin, unaobeba watu zaidi ya 82,000. Mtu huchezea klabu ya parokia alikozaliwa, na kuihama ni jambo linalohitaji maelezo marefu.

Ndiyo maana klabu haitengani na makaburi. Mwanachama akifariki, jezi yake hulazwa juu ya jeneza, wachezaji hujipanga pande mbili za barabara, na vijana wenye vizibao vinavyong'aa huelekeza magari ya waombolezaji yaegeshwe wapi. Miezi michache baadaye mtu mmoja kwenye kamati hutoa wazo. Familia inanunua kombe. Bonanza linaingia kwenye ratiba.

Na hapo swali la kale linaingia nalo: marehemu anapata nini?

Epikuro, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyekufa takriban mwaka 270 KK, alijibu bila kupepesa macho kwamba hapati kitu. Tukiwapo, kifo hakipo. Kifo kikija, sisi hatupo. Hakuna dakika ambayo mtu na kifo chake wanakutana ili aumie au anufaike. Hoja hiyo ni ngumu kuivunja mpaka leo. Ila Epikuro huyohuyo aliacha wasia, nao umetufikia kupitia kwa mwandishi Diogenes Laertius: siku yake ya kuzaliwa iadhimishwe kila mwaka, na kila tarehe 20 ya mwezi wanafunzi wakutane kumkumbuka yeye na rafiki yake Metrodorus, gharama zitoke kwenye mali aliyoiacha. Kwa maneno mengine, bwana aliyefundisha kwamba kifo si chochote kwetu alianzisha bonanza la kumbukumbu yake mwenyewe na kulilipia. Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, alimcheka. Alikuwa na haki, japo inawezekana Epikuro hakuwa anajifikiria. Alijua shule yake ingesambaratika kama watu wasingekuwa na sababu ya kukutana, na maiti anayependwa ni sababu ambayo hakuna anayethubutu kuikataa.

Aristotle alisitasita zaidi. Katika kitabu chake cha maadili anakiri kwamba kusema mambo ya ndugu na marafiki hayamgusi marehemu hata chembe ni kauli ya ukatili inayopingana na hisia za watu wote. Baada ya hapo anaongeza kwamba kama yanamgusa, yanamgusa kidogo sana, si kiasi cha kumfanya mwenye heri akose heri. Jibu hilo halimridhishi mtu anayependa hesabu kamili. Lakini mjane anayekabidhi kombe angelielewa.

Mkatoliki wa Ayalandi alikuwa na jibu lake tangu zamani: marehemu anapata sala. Roho zilizoko toharani husaidiwa na walio hai, kwa hiyo kuna misa ya mwezi mmoja baada ya mazishi (watu wa pwani yetu wataifikiria arobaini), misa ya kila mwaka, kadi zenye picha ya marehemu zinazowekwa ndani ya kitabu cha sala, na mwezi mzima wa Novemba ambapo majina ya wafu huwekwa altareni. Majira ya kiangazi kuna Jumapili ya makaburi: familia zinapalilia, zinapanda maua, padri anapita akibariki. Bonanza la klabu lilikaa pembeni ya hayo yote kama nyongeza. Leo, mahudhurio ya misa yakiwa yamepungua sana nchini humo, kuna familia ambazo siku pekee katika mwaka ambapo jina la baba yao linatajwa mbele ya watu ni ile ya kombe. Nyongeza imegeuka kuwa ibada yenyewe, na hakuna aliyeulizwa kama iko tayari kubeba mzigo huo. Misa inadai kumfanyia marehemu kitu huko aliko. Kombe halidai hivyo. Linasema jina tu, kisha linahesabu magoli.

Kombe kubwa kuliko yote nchini humo limebeba kejeli ya imani ambayo wenyeji wengi hawaioni tena kwa kuizoea. Sam Maguire, ambaye kombe hilo lina jina lake, alizaliwa mwaka 1877 karibu na Dunmanway, kaunti ya Cork, katika familia ya wakulima Waprotestanti wa Kanisa la Ayalandi. Alikwenda London kufanya kazi posta, akaichezea klabu ya Hibernians ya huko, na mwanzoni mwa karne ya 20 akafika fainali za Ayalandi nzima akiwa na timu ya London. Hakushinda hata moja. Mwaka 1909 alimwingiza kijana mmoja mfanyakazi wa posta katika chama cha siri cha kupigania uhuru. Kijana huyo aliitwa Michael Collins, ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi wa vita vya uhuru. Baada ya uhuru Maguire alipewa kazi serikalini Dublin, akafukuzwa, akarudi kwao akiwa hana kitu, na Februari 1927 akafa kwa kifua kikuu kabla ya kutimiza miaka 50. Marafiki walichanga fedha za kombe la kumkumbuka, nalo ndilo timu za kaunti zinaloshindania.

Kombe walilotengeneza, lililochongwa na masonara wa Hopkins and Hopkins wa Dublin, lilifuata umbo la kalisi ya Ardagh, chombo cha ekaristi cha karne ya 8 kilichofukuliwa katika kaunti ya Limerick mwaka 1868. Kwa hiyo Mprotestanti, ambaye kanisa lake halikuwaombea wafu, anakumbukwa kwa kikombe cha misa, na kila mwaka wanaume waliobatizwa Wakatoliki hukiinua juu ya vichwa vyao katika uwanja uliopewa jina la askofu mkuu Mkatoliki Thomas Croke. Kildare walikuwa wa kwanza kulitwaa, mwaka 1928, kwa pointi moja dhidi ya Cavan. Hawajalitwaa tena.

Mashabiki hulitaja kombe hilo kana kwamba ni mtu. Sam amekwenda Kerry. Sam atakaa Dublin msimu huu wa baridi. Sam analetwa shuleni wiki ijayo, watoto waje na kamera. Mwaka 1988, kombe la kwanza lilipochakaa, lilipelekwa makumbusho na kutengenezwa jingine linalofanana nalo. Meath walilitwaa mwaka huohuo, na hakuna aliyeona ajabu kwamba Sam ni yuleyule. Ukimuuliza mtoto wa miaka tisa Sam Maguire alikuwa nani, huenda akakuonyesha kombe.

Je, hapo mtu amekumbukwa au amesahauliwa?

John Mbiti, mwanateolojia Mkenya aliyefariki mwaka 2019, aliandika mwaka 1969 katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba aliyekufa haendi mbali mara moja. Maadamu kuna mtu anayemjua kwa jina na sura, yumo bado katika kile Mbiti alichokiita sasa. Ni mfu aliye hai, anaulizwa, anamwagiwa kinywaji, anawatokea watu ndotoni. Wa mwisho aliyemjua akifa, naye anavuka na kuingia zamani, miongoni mwa wasio na majina. Mbiti alikadiria safari hiyo kwa vizazi vinne au vitano. Wasomi wenzake walimpinga kwa mengi, hasa kwa kudai kwamba Waafrika hawana wakati ujao wa mbali, lakini mchoro huu wa kufa mara mbili umebaki na nguvu. Na Sam Maguire anauchafua. Hakuna aliye hai aliyemwona. Kwa hesabu ya Mbiti anapaswa kuwa amekwenda zake. Badala yake jina lake linatamkwa kila msimu na watu wengi, likiwa limevuliwa mwili, sauti, kikohozi chake cha mwisho na Uprotestanti wake. Mtu amevuka, jina limekataa kumfuata.

Wapo watakaosema huko ni kumwua mara ya pili kwa kelele. Hoja hiyo ina uzito, ila inadhani kwamba kazi ya kombe ni kuhifadhi sura ya mtu, na kazi hiyo kombe haliiwezi hata siku ya kwanza. Ngao ya fedha haisemi kwamba marehemu alikuwa na wivu, au kwamba alikuwa akifika mazoezini amechelewa kwa sababu ya kukamua ng'ombe. Kinachohifadhiwa ni ahadi. Klabu iliahidi kwamba kila mwaka, siku fulani, itacheza kwa jina lake, na inacheza.

Søren Kierkegaard, Mdenmarki, aliigusa hoja hii mwaka 1847 katika kitabu chake kuhusu matendo ya upendo. Alisema ukitaka kujua kama upendo ni wa kweli, mtazame mtu anavyomkumbuka aliyekufa. Maiti hawezi kulipa, kwa hiyo upendo huo hauna ubinafsi. Hawezi kulazimisha, kwa hiyo ni huru. Habadiliki, kwa hiyo ukipoa, aliyebadilika ni wewe. Katika mazishi ya kwetu msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Kierkegaard anageuza tangazo hilo: marehemu ndiye anayedai, naye hatajitokeza kamwe.

Fikra nzuri, lakini mtu wake yuko peke yake makaburini, na hapo ndipo kamati ya klabu inamzidi maarifa. Moyo wa mtu mmoja hauaminiki. Unapata mchumba mpya, unahamia Boston au Sydney, unachoka. Ratiba haichoki kwa namna hiyo. Ikishachapishwa, inawafunga hata wale ambao hawakumpenda marehemu, hata refa aliyetoka kaunti nyingine na anayetaka tu kufika nyumbani kabla ya giza. Zaidi ya hayo, Kierkegaard angekereka kuona kwamba bonanza lina faida: mweka hazina anauza tiketi za bahati nasibu, wavulana wanapata mazoezi, akina mama wanapata gumzo, na timu moja inarudi nyumbani na kombe. Ubinafsi umejaa kila kona. Na bila ubinafsi huo jambo lote lingekufa mwaka wa tatu. Kombe la Andy Merrigan, linaloshindaniwa na mabingwa wa klabu za nchi nzima, lina jina la mchezaji wa Castletown, kaunti ya Wexford, aliyekufa kwa ajali ya shambani mwaka 1973. Nusu karne baadaye klabu zinajiua kwa mazoezi ya usiku wa Januari ili zilipate, kwa sababu zisizomhusu hata kidogo, na kwa sababu hizohizo jina lake linatajwa.

Waayalandi wanaweza kudai kwamba jambo hili ni la kale kuliko Ukristo wao. Hekaya zao zinasimulia kwamba Tailtiu, mama mlezi wa mungu Lugh, alifyeka misitu ili nchi ipate mashamba, akafa kwa uchovu, na Lugh akaamuru michezo ichezwe kwenye kaburi lake kila mwanzo wa Agosti. Mahali hapo, Teltown katika kaunti ya Meath, pangali na jina lake. Serikali changa ya Ayalandi iliifufua michezo hiyo mwaka 1924, 1928 na 1932, kisha ikaiacha. Mwaka 2022 GAA ilianzisha Kombe la Tailteann kwa kaunti zisizo na ubavu wa kumfukuzia Sam, na Westmeath wakawa wa kwanza kulitwaa. Wachache kati ya waliolalamika kwamba ni kombe la wanyonge walikumbuka kuwa limebeba jina la mwanamke aliyekufa kwa kazi ya jembe. Wagiriki nao: wimbo wa 23 wa utenzi wa Iliad umejaa mbio za magari ya farasi, ndondi na mieleka kwa heshima ya shujaa Patroclus aliyeuawa vitani, na wanaogombea zawadi wanaoneana gere na kutukanana kabla majivu hayajapoa.

Lakini ratiba ina upofu wake. Inakumbuka wale walioshika mpira.

Tarehe 21 Novemba 1920, wakati wa vita vya uhuru, vikosi vya dola ya Uingereza viliingia Croke Park mechi ya Dublin na Tipperary ikiendelea, vikafyatua risasi. Watu 14 walikufa. Mmoja alikuwa Michael Hogan, mchezaji wa Tipperary kutoka klabu ya Grangemockler. Ilipofika 1924 jukwaa kuu la uwanja lilikuwa na jina lake, nalo linalo mpaka leo. Manahodha hupanda Hogan kupokea kombe. Miongoni mwa wengine 13 alikuwapo Jane Boyle, aliyekwenda kutazama mechi na mchumba wake, harusi ikiwa imebaki siku tano. Alizikwa na gauni la harusi. Walikuwapo watoto watatu, Jerome O'Leary wa miaka 10, William Robinson wa miaka 11 na John William Scott wa miaka 14. Kwa miongo mingi kaburi la Jane Boyle halikuwa hata na jiwe, na halikuwa peke yake. Hakuna klabu iliyokuwa na deni naye. Hakuna kombe.

Lililobadili hali hiyo ni kazi ya polepole ya watafiti na jamaa, na kuanzia mwaka 2015 GAA yenyewe ilianza kuweka mawe kwenye makaburi yasiyo na alama. Tarehe 21 Novemba 2020, uwanja ukiwa mtupu kwa ajili ya korona, mienge 14 iliwashwa na majina yote 14 yakasomwa. Kesho yake Tipperary, wakiwa na jezi nyeupe na kijani za mtindo wa 1920 badala ya bluu na dhahabu yao, waliwafunga Cork na kutwaa ubingwa wa jimbo la Munster kwa mara ya kwanza tangu 1935. Timu nne zilizofika nusu fainali mwaka ule zilikuwa Dublin, Tipperary, Mayo na Cavan, zilezile zilizofika mwaka 1920. Watu wazima, wenye shahada zao, walizungumzia mkono wa mbinguni bila haya. Mwenye kutaka kubishana nao abishane. Jambo la maana zaidi lilikuwa yale majina 14 yaliyosomwa kwa uzito mmoja, la mchezaji na la mtoto aliyekuwa anatazama tu.

Upofu huohuo unafanya kazi katika kila klabu. Hesabu makombe kabatini: wachezaji, makocha, wenyeviti, padri mmoja au wawili. Mwanamke aliyefua jezi 30 kila Jumatatu kwa miaka 20 hutajwa kwenye hotuba, na hotuba haina kitako cha mbao.

Kuna namna nyingine ya kulipa. Cormac McAnallen wa klabu ya Eglish, kaunti ya Tyrone, alitwaa Sam mwaka 2003, kombe la kwanza la kaunti yake. Msimu uliofuata alichaguliwa nahodha. Tarehe 2 Machi 2004 alifia usingizini, akiwa na miaka 24, kwa tatizo la moyo ambalo hakuna aliyelijua. Kombe la mechi kati ya wachezaji wa Ayalandi na Australia likapewa jina lake mwaka huohuo. Mfululizo wa mwaka 2017 ulipokwisha, ratiba ya mechi hizo ilisimama, na kombe likakaa miaka bila kugombewa. Lakini familia ilikuwa imeanzisha mfuko kwa jina lake, wa kupima mioyo ya vijana na kusambaza mashine za kushtua moyo katika klabu za jimbo la Ulster. Mashine hiyo hutundikwa ukutani kwenye sanduku, karibu na vyumba vya kubadilishia nguo, na haijali kama unajua McAnallen alicheza namba gani.

Muislamu atalitambua jambo hili bila kuelezwa. Amefundishwa tangu madrasa kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Kisima, msikiti, mti wa kivuli huendelea kumwandikia thawabu aliyevitoa. McAnallen hakuuanzisha mfuko huo, kwa hiyo hesabu zake kisheria ni za wengine. Hata hivyo, ukiuweka pembeni ya kombe, tofauti inaonekana. Kombe linahitaji mtu alitamke jina. Mashine ikimrudisha kijana mapigo ya moyo, jina linaweza kusahauliwa na deni likawa limelipwa.

Halafu ipo fedha. Uwanja mkuu wa Cork, Páirc Uí Chaoimh, umepewa jina la Pádraig Ó Caoimh, aliyekuwa katibu mkuu wa GAA kuanzia 1929 mpaka alipofariki 1964. Ulipojengwa upya ulizaa deni la aina nyingine, la benki. Januari 2024 ikajulikana kwamba uwanja ungebadilishwa jina kwa ajili ya mdhamini, kampuni ya maduka makubwa, na jina la Ó Caoimh lingeondoka. Familia yake ikasema. Wanasiasa wakasema, mashabiki wakasema zaidi. Hazikupita siku nyingi, muafaka ukapatikana: jina la duka likatangulia, jina la marehemu likabaki nyuma yake. Waliochukizwa waliona ni aibu, walioshika daftari za hesabu waliona ni kelele za watu wasiolipa riba. Epikuro angeuliza ni nani hasa aliyedhulumiwa, maana Ó Caoimh hayupo. Jibu la Kierkegaard linamtosha: waliovunja, au waliotaka kuvunja, ni wao wenyewe waliotoa neno. Ahadi kwa maiti ndiyo rahisi kuliko zote kuivunja, na hivyo inaonyesha vizuri zaidi neno la mtu lina thamani gani.

Ayalandi ya Kaskazini, iliyobaki chini ya Uingereza, mambo yana ncha kali. Uwanja wa Casement Park mjini Belfast, uliofunguliwa 1953, una jina la Roger Casement. Wasomaji wa Kongo wana sababu yao ya kulijua jina hilo: ndiye balozi mdogo wa Uingereza ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 ilianika ukatili wa utawala wa mfalme Leopold katika uvunaji wa mpira wa kule. Mwaka 1916 Uingereza ileile ilimnyonga kwa uhaini kwa ajili ya Ayalandi. Klabu ya Dungiven ya hurlingi, mchezo mwingine wa GAA, imeitwa Kevin Lynch, mwanamgambo aliyepinga utawala wa Uingereza na kufa Agosti 1981 katika mgomo wa kula gerezani. Kwa majirani zao Waprotestanti wanaotaka kubaki chini ya Uingereza, jina la namna hiyo kwenye lango au kwenye kombe la watoto si ukumbusho. Ni kidole kilichonyooshwa. Nao wana wafu wao, waliouawa na wenzake Lynch. Anayesema kwamba kumkumbuka marehemu ni tendo lisilo na madhara hajaishi mahali ambapo kila upande una orodha yake.

Tarehe 12 Mei 1997 Sean Brown, mwenyekiti wa klabu ya Wolfe Tones ya Bellaghy, kaunti ya Derry, alikuwa anafunga lango la uwanja usiku, kazi ya kawaida ya mwenyekiti, alipotekwa na wanamgambo watiifu kwa Uingereza. Alikuwa na miaka 61. Walimpiga risasi na kumtelekeza karibu na Randalstown. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Mjane wake na watoto wake wamekwenda mahakama moja hadi nyingine wakidai uchunguzi wa umma, ili ijulikane nani aliua na nani katika vyombo vya dola alijua nini. Aprili 2025 mahakama ya rufaa ya Belfast iliwapa haki. Serikali ya London ikataka kwenda mahakama ya juu zaidi. Mwezi uliofuata, maelfu ya watu waliandamana Bellaghy, wengi wakiwa wamevaa jezi za klabu zao, zikiwemo klabu ambazo uwanjani haziivani kabisa na Wolfe Tones. Jarlath Burns, rais wa GAA, alitembea nao. Kwa siku ile hapakuwa na kombe la kukabidhi, na safari hii deni lilikuwa na mdai aliye hai: bibi wa karibu miaka 90 anayetaka kuambiwa ni nani waliokuwa wanamngoja mumewe langoni.